Kupima Utendaji wa Jeni kwa Kuku, Kanga, Bata na Njiwa: Kagua Kopo Kwanza

Pale soko la Ngamiani, Tanga, dagaa huuzwa kwa kopo. Mnunuzi mzoefu haanzi na dagaa. Hulishika kopo, hulipindua, hutazama kitako. Kitako kikiwa kimebonyea kwa ndani, muuzaji anaweza kujaza mpaka lifurike na bado hujapata kopo zima. Tena huwezi kulinganisha bei ya muuzaji huyu na ya jirani yake kabla hujajua kwamba makopo yao yanalingana.

Kazi ya kupima utendaji wa jeni kwa ndege wa aina mbalimbali ina shida hiyohiyo. Vijana wengi wanaokuja maabara wana hamu ya kuiona jeni wanayoitafuta: imewaka kwa kuku? Imewaka kwa bata? Kopo la kupimia, yaani jeni rejea ambayo jeni nyingine hulinganishwa nayo, hawaligusi. Nami nilianza hivyohivyo. Nilichukua praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoshika jeni ili inakiliwe) za aktini, jeni niliyoifanya kopo, zilizotengenezwa kwa kuku, nikazitumia kwa bata bila kuuliza, na bata wote wakaonekana jeni zao zimepanda mno. Siku kadhaa nilitembea na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Kumbe praima zilikuwa zinashika DNA ya bata kwa shida, aktini ikachelewa kuonekana kwa mizunguko minne ya mashine, na mizunguko minne peke yake inazalisha tofauti ya uongo ya mara 16. Mwongozo huu nimeuandika ili mwingine asipoteze sampuli zake kama nilivyopoteza zangu.

Kwanza, tunapima nini? Seli ya bandama na seli ya ini za kuku mmoja zina jeni zilezile, ila si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Jeni inayofanya kazi hunakiliwa kuwa RNA mjumbe. Sisi tunaikusanya RNA hiyo, tunaigeuza kuwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA, kisha tunaizidisha kwenye mashine ya qPCR, ambayo husoma mwanga kila mzunguko. Mzunguko ambao mwanga unavuka mstari tuliouweka huitwa Cq. Cq ndogo maana yake RNA ilikuwa nyingi tangu mwanzo. Mambo yakienda sawa kila mzunguko huzidisha mara mbili, kwa hiyo tofauti ya Cq 1 ni mara 2, na tofauti ya 3.32 ni mara 10.

Hatua ya 1: Uliza swali linalopimika

Tuseme unataka kujua jinsi kuku, kanga na bata wa Pongwe au Muheza wanavyoipokea chanjo ya mdondo ya I-2, ile ya tone la jichoni. Ni swali zuri, kwa sababu mdondo humaliza banda la kuku ilhali bata mara nyingi hubeba virusi bila kuonekana mgonjwa. Lakini ukiuliza, "Je, jeni hii iko juu zaidi kwa bata kuliko kuku?" umejipa kazi ngumu kuliko unavyodhani. Uliza hivi: "Kwa kuku, aliyechanjwa anatofautianaje na asiyechanjwa? Kwa bata, je?" Kisha linganisha mabadiliko kwa mabadiliko. Kila aina inapimwa kwa kopo lake, na kinacholinganishwa ni mara ngapi kimepanda au kushuka. Ushauri huu mmoja utakuokoa kuliko mashine yoyote ya bei kubwa.

Na kabla ya kusonga mbele, hakikisha jeni unayoitafuta ipo. Kuku hawana jeni ya RIG-I, ambayo huzitambua RNA za virusi vilivyoingia kwenye seli. Bata wanayo, jambo lililoelezwa mwaka 2010 na kusaidia kueleza kwa nini bata wanastahimili mafua ya ndege. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima akibadilisha joto la praima za RIG-I kwa kuku, kumbe anavua samaki kwenye mchanga. Kinyume chake pia hutokea. TNF ya kuku, jeni ya mfumo wa kinga, ilidhaniwa haipo hadi ilipoelezwa mwaka 2018, kwa sababu imejaa G na C, mbili kati ya herufi nne za DNA, na maeneo ya namna hiyo husomeka kwa shida. Ukikosa jeni, usikimbilie kusema ndege hana.

Hatua ya 2: Vibali

Kwa ndege wa kufugwa, pata idhini ya maadili ya utafiti na ruhusa ya mwenye ndege. Mweleze kwa lugha yake utachukua nini na utamwachia nini. Kwa ndege wa porini, iwe misitu ya Amani au mikoko ya pwani, utahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kupita TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), pamoja na idhini ya wanaosimamia hifadhi yenyewe. Anza mapema. Usimguse ndege kabla karatasi hazijakamilika.

Hatua ya 3: Kuchukua sampuli kwenye joto la Tanga

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na kasoro huja kuonekana miezi mitatu baadaye.

RNA huharibika haraka. Vimeng'enya vinavyoikata vimo ndani ya tishu yenyewe, vimo kwenye jasho la vidole vyako, na joto la mchana wa Tanga huvisaidia. Andaa kila kitu kabla ya kumshika ndege: mirija imeandikwa, mikasi imefutwa, glovu ziko mkononi. Kama una mtungi wa naitrojeni kimiminika, kama ule wa wahimilishaji wa ng'ombe wa maziwa, tumbukiza tishu humo mara moja. Kama huna, tumia kimiminika cha kuhifadhia RNA chenye chumvi ya amonia salfeti. Kata kipande chenye unene usiozidi nusu sentimita, maana kikiwa kinene dawa haifiki katikati na katikati huoza wakati nje panaonekana pazuri. Dawa iwe mara tano hadi kumi ya kipande. Kwa nyuzi 37 sampuli huvumilia siku moja, kwa nyuzi 25 wiki moja, kwenye friji ya nyuzi 4 mwezi mmoja, na kwenye friza hukaa muda mrefu. Kwa hiyo ukiwa kijijini na deli lenye barafu, barafu ileile ya wauza samaki, una nafasi ya kutosha kufika mjini bila kukimbizana na gari.

Damu ina habari yake. Seli nyekundu za ndege zina kiini, tofauti na zetu, hivyo tone dogo linatosha. Ndege mdogo usimtoe damu zaidi ya asilimia moja ya uzito wake. Ndege wa gramu 10 anaweza kutoa mikrolita 100 tu. Kuzuia damu isigande usitumie heparini, kwa sababu huzuia PCR, yaani ule uzidishaji wa DNA. EDTA inafaa kwa kuku, lakini kwa baadhi ya ndege, wakiwemo jamii ya kunguru na mbuni, hupasua seli nyekundu. Kwao damu iingie moja kwa moja kwenye dawa ya kuhifadhia. Rangi nyekundu ya damu nayo huzuia vimeng'enya vya PCR, kwa hiyo usafishaji wake usiwe wa haraka haraka.

Muda nao ni sehemu ya kipimo. Ndege akishikwa, homoni ya msongo huanza kupanda baada ya dakika kama tatu, na jeni nyingi huifuata. Jeni pia hubadilika kwa saa za siku. Ukichukua kuku wote waliochanjwa asubuhi na wasiochanjwa baada ya adhuhuri, umepima jua, hukupima chanjo. Wachanganye: mmoja wa kundi hili, mmoja wa lile, na kwa kila ndege andika dakika aliyoshikwa na dakika sampuli ilipoingia kwenye dawa.

Andika na jinsia. Dume wa ndege ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z moja na W moja, na ndege hawasawazishi kikamilifu tofauti hiyo. Jeni nyingi zilizo kwenye Z husikika juu zaidi kwa dume. Jogoo wakijaa kundi moja na mitetea wakijaa lingine, utaona "mabadiliko" yasiyohusiana na chanjo yako. Kwa vifaranga, njiwa na kanga, ambao jinsia haisomeki kirahisi kwa macho, tumia PCR ya jeni ya CHD1, ambayo hutofautisha Z na W.

Hatua ya 4: Kutoa RNA na kuikagua

Fuata maelekezo ya kiti yako, yaani boksi la dawa za kutoa RNA, sitayarudia. Nasisitiza mambo mawili. Mosi, tumia DNase kuondoa DNA iliyobaki, na kwa damu ya ndege usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka, kwa sababu kila seli nyekundu imekuletea DNA yake. Pili, usiamini wingi peke yake. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwa nanomita 260 na 280 (260/280), unaoonyesha usafi, uwe karibu na 2.0, na 260/230 uwe karibu na 2. Kisha tazama uzima wa RNA: pitisha kiasi kidogo kwenye jeli uone mistari miwili iliyo wazi, au tumia mashine inayotoa alama ya RIN kati ya 1 na 10. Kinachonihofisha kuliko alama ndogo ni alama zisizolingana: kuku wote 8, bata wote 5. Hapo tofauti ya uhifadhi itajivika nguo ya tofauti ya kibaiolojia, na hakuna hesabu itakayoivua. Kongosho ni mbaya kuliko tishu zote kwa hili, maana imejaa vimeng'enya vya kukata RNA. Usiichague kama una njia nyingine.

Hatua ya 5: Kugeuza RNA kuwa cDNA

Tumia kiasi kilekile cha RNA kwa kila sampuli, kimeng'enya cha boksi moja, na ikiwezekana siku moja. Kwa kila sampuli, au angalau kadhaa za kila aina, tengeneza mrija mmoja usio na kimeng'enya cha kugeuza. Ukija kutoa mwanga kwenye qPCR, ujue DNA bado imo.

Hatua ya 6: Praima kwa kila aina ya ndege

Kuku na bata wameachana kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na njiwa yuko mbali zaidi na wote wawili. Praima inayokaa barabara kwa kuku inaweza kutofautiana herufi mbili tu na bata. Herufi hizo zikiwa katika ncha ya 3', ambako kimeng'enya huanzia kazi, umeharibikiwa.

Bahati yetu ni kwamba mfuatano wa genomu ya kuku umechapishwa tangu 2004, na mwaka 2014 ulitoka uchambuzi wa genomu za ndege 48 kwa pamoja. Tangu hapo zimeongezeka sana, na hifadhidata ziko wazi bila malipo. Pakua mfuatano wa jeni yako kwa kuku, kanga, bata na njiwa. Upange mmoja chini ya mwingine. Tafuta kipande ambacho hakijabadilika na weka praima zako hapo, herufi 18 hadi 22, joto la kushikana karibu nyuzi 60, kipande kinachozalishwa kiwe kati ya herufi 70 na 150. Praima moja ikalie mpaka wa eksoni mbili (vipande vya jeni vinavyobaki kwenye RNA mjumbe), ili DNA iliyobaki isizidishwe. Kama ndege wako hana genomu iliyochapishwa, tumia jamaa zake wawili au watatu, kisha kipande kilichozalishwa kipelekwe kusomwa herufi kwa herufi. Usikubali "mstari uko saizi sahihi kwenye jeli" kuwa ushahidi.

Usipopata eneo moja linalofaa kwa wote, tengeneza praima tofauti kwa kila aina. Si kosa. Ila kumbuka kwamba vipande vyenye urefu tofauti hutoa mwanga tofauti kwa rangi ya SYBR Green, ambayo hung'aa ikishika DNA, kwa hiyo Cq ya kuku na Cq ya bata haziwekwi kwenye mizani moja. Ndiyo maana nilikuambia katika hatua ya 1 ulinganishe mabadiliko.

Hatua ya 7: Pima ufanisi, kila praima kwa kila ndege

Changanya cDNA ya ndege wa aina moja, ipunguze mara kumi kumi kwa ngazi tano, pitisha kwenye mashine, chora Cq dhidi ya logi ya kiasi. Mteremko wa −3.32 ni ufanisi wa asilimia 100, yaani DNA huzidi mara mbili kila mzunguko. Kati ya −3.6 na −3.1, yaani karibu asilimia 90 hadi 110, unaweza kuendelea. Nje ya hapo rudi kwenye praima.

Wengine huona asilimia 90 na 100 kuwa tofauti ndogo. Piga hesabu: baada ya mizunguko 25, nakala moja huwa kama milioni 33.6 kwa ufanisi wa asilimia 100, na kama milioni 9.3 kwa asilimia 90. Tofauti ni mara 3.6, na hakuna jeni iliyobadilika. Sasa fikiria praima zina asilimia 100 kwa kuku na 90 kwa kanga, nawe umechukulia zinalingana.

Hatua ya 8: Jeni rejea, yaani kopo lenyewe

RNA yako haiwi sawa kabisa kwa kila mrija hata ukipima kwa uangalifu gani. Kwa hiyo jeni lengwa, ile unayoitafuta, hulinganishwa na jeni nyingine inayoaminika haibadiliki. Neno zito hapo ni "inayoaminika". Imani hiyo mara nyingi imerithiwa kutoka tafiti za binadamu na panya, haikupimwa kwa ndege wako.

Chukua GAPDH, kipenzi cha wengi. Ni jeni ya kuvunja sukari. Sasa nenda jikoni: kidari cha kuku ni cheupe, kidari cha njiwa ni chekundu cha kuiva. Kuku hurusha mabawa kwa mshindo mfupi, na msuli wake huchoma sukari. Njiwa huruka masafa, na msuli wake huchoma mafuta. Mpishi yeyote wa Tanga ameiona tofauti hiyo kwenye sufuria. Vipi basi jeni ya kuvunja sukari iwe kipimo kimoja cha misuli hiyo miwili? Aktini nayo hubadilika seli zinapokua na kujigawa, kwa hiyo kwa vifaranga iangaliwe kwa shaka. B2M ni ya mfumo wa kinga, na kwenye utafiti wa chanjo ni kumfanya mshtakiwa kuwa shahidi. 18S, RNA ya ribosomu, ni nyingi mno kiasi kwamba makosa madogo hayaonekani, na haina mkia wa herufi A, hivyo ukitengeneza cDNA kwa praima za oligo-dT, zinazoshika mkia huo, haitanakiliwa ipasavyo.

Sikatazi jeni hizo. Nakataza kuzitumia bila kuzijaribu. Fanya hivi. Chagua jeni nane hadi kumi zenye kazi tofauti mwilini: tuseme HMBS, HPRT1, TBP, SDHA, YWHAZ, RPL13, GAPDH na ACTB (aktini). Tofauti za kazi ni muhimu, maana jeni mbili zinazoongozwa na swichi moja hupanda na kushuka pamoja, na programu ikaziona zimetulia. Zipime zote kwa sampuli kama kumi za kila kundi: waliochanjwa na wasiochanjwa, kila aina ya ndege, kila tishu utakayotumia. Kisha ingiza matokeo kwenye programu za geNorm, NormFinder na BestKeeper. geNorm, ya mwaka 2002, hupanga jeni kwa thamani ya M: kadiri ilivyo ndogo ndivyo jeni ilivyotulia, na chini ya 0.5 ni nzuri kwa sampuli za namna moja. Pia hukuambia zinahitajika ngapi: thamani ya V, inayopima tofauti ukiongeza jeni moja zaidi, ikishuka chini ya 0.15, huhitaji kuongeza nyingine. NormFinder hutazama tofauti ndani ya kundi na kati ya makundi, na kwa swali la chanjo mimi huipa uzito zaidi.

Fanya uchambuzi huo kwa kila aina ya ndege peke yake. Usishangae kuku wakikupa jozi moja na bata wakakupa nyingine. Tumia mbili au tatu bora kwa kila aina na uchukue wastani wao wa kijiometri. Moja haitoshi, hata kama maabara yenu imeitumia miaka yote. Wakubwa wa kazi wanaweza kukushangaa. Waoneshe kwa adabu jedwali la M.

Hatua ya 9: Kwenye sahani

Kila sampuli iingie vishimo vitatu vya sahani ya qPCR. Vikipishana zaidi ya nusu mzunguko, rudia. Weka kishimo cha maji matupu kwa kila praima, na baada ya kuzidisha tazama mchoro wa kuyeyuka kwa DNA iliyozalishwa: kilele kimoja tu. Vilele viwili ni vipande viwili au praima zilizoshikana zenyewe. Sampuli zote za ndege wa aina moja kwa jeni moja zikae sahani moja; zikizidi, weka sampuli moja ya kudumu inayojirudia kila sahani ili uziunganishe. Na umeme ukikatika katikati ya mzunguko, usijaribu kuokoa sahani hiyo.

Kama huna mashine karibu, RNA iliyogandishwa inaweza kusafiri, mathalani hadi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kupitia Segera na Chalinze. Ila cDNA husafiri vizuri zaidi, kwa hiyo ukiweza geuza kwanza, safirisha baadaye.

Hatua ya 10: Hesabu

Tumia njia ya Pfaffl ya mwaka 2001, inayoweka ufanisi halisi wa kila praima. Mfano kwa kuku: jeni lengwa ina Cq 27 kwa wasiochanjwa na 24 kwa waliochanjwa, na kizidishi chake (mara ngapi DNA huongezeka kila mzunguko) ni 1.95. Jeni rejea ina 20.0 na 20.5, kizidishi 2.0. Lengwa: 1.95 kwa kipeo cha 3 ni 7.41. Rejea: 2.0 kwa kipeo cha −0.5 ni 0.71. Gawanya: jeni imepanda kama mara 10.5. Bila rejea ungesema 7.4, kwa kudhani praima zote ni asilimia 100 ungesema 11.3. Fanya hesabu hiyo kwa kila ndege, geuza kuwa logi kabla ya kupima kitakwimu, na usihesabu vishimo vitatu vya kuku mmoja kama kuku watatu. Baada ya hapo ndipo weka mabadiliko ya kuku kando ya mabadiliko ya kanga na bata.

Kama swali lako kweli linadai ulinganishe kiasi chenyewe kati ya aina na aina, agiza kipande cha DNA cha jeni hiyo kwa kila ndege, kilichopimwa idadi ya nakala, na uchore mstari wake wa kupimia. Gharama ni kubwa. Njia ya mkato inayoaminika sijaipata.

Hatua ya 11: Andika

Miongozo ya MIQE, ya namna ya kuripoti kazi za qPCR, ilitoka mwaka 2009 kwa sababu matokeo mengi yalikuwa hayarudiliki. Andika mfuatano wa praima, ufanisi kwa kila ndege, uzima wa RNA, jeni rejea ulizojaribu na zile zilizoshindwa pamoja na thamani zake. Zilizoshindwa ziandike kwa moyo mmoja na zilizofaulu, kwa sababu kesho kuna mwanafunzi wa Muheza au Korogwe atakayetaka kupima kanga, na jedwali lako litamwambia aanzie wapi. Halafu weka kando mrija mmoja wa RNA wa kila aina ya ndege kwenye friza, uandike tarehe, aina, jinsia na tishu kwa kalamu isiyofutika.